Mtumbwi mmoja, mtu mmoja: Duluti, Chala, Momella au Nyumba ya Mungu?

Ukiuliza watu wa Arusha na Moshi waende wapi na mtumbwi, watakujibu kwa mandhari. Chala kwa sababu ya rangi ya maji, Momella kwa sababu ya heroe, Duluti kwa sababu ni karibu na nyama choma haiko mbali. Kwa kundi la watu watano wenye boti ya injini, majibu hayo yanatosha kabisa. Kwa mtu mmoja anayekwenda peke yake kwa mara ya kwanza, kuna swali jingine linalotakiwa kuamua: ukipinduka hapo, utatokea nchi kavu wapi, na nani atakuwa amekuona?

Kwa kipimo hicho ziwa zuri kuliko yote linashuka daraja, na lile ambalo watu hulibeza kuwa ni la wanafunzi linapanda juu.

Ninayaweka maji manne sambamba. Ninayemzungumzia anajua kuogelea na ameshawahi kushika kasia, hata kama alikuwa na mwenzake. Kama hujui kuogelea, anza kwenye bwawa la hoteli, tutaonana mwakani. Ziwa Jipe nimeliacha kwa makusudi. Upande wetu wa Tanzania, wilayani Mwanga, limesongwa na matete, wavuvi wanapita kwenye vichochoro wanavyovijua wao, na viboko nao wanavijua vichochoro hivyo hivyo. Manyara nimeliacha pia. Kina chake hupanda na kushuka mno. Kuna miaka unapiga kasia, na kuna miaka unatembea juu ya tope lililokauka.

Kwanza mwezi, halafu ziwa

Mashauri mengi ya safari ya mtumbwi ya mtu mmoja yameandikwa na watu wa Marekani na Kanada. Kwao msimu unafunguka barafu inapoachia maziwa. Katika maziwa ya mpakani mwa Minnesota na Ontario hilo hutokea kuelekea mwisho wa Aprili au mwanzoni mwa Mei. Jua linawaka, hewa ina joto la kuvua sweta, lakini maji ni barafu iliyoyeyuka juzi. Wana kanuni yao ya moja, kumi, moja: ukitumbukia una dakika moja ya kutuliza pumzi iliyokuruka, dakika kumi ambazo mikono na miguu bado inakutii, na kama saa moja kabla ya baridi kukupotezea fahamu. Wanaotangulia majini mwanzo wa msimu wanavaa nguo za mpira za mzamiaji kwa sababu hiyo, na wanalipia raha ya kuwa na ziwa zima peke yao.

Huku kwetu maji hayakuui kwa baridi ndani ya dakika kumi. Mwezi wetu mgumu una sura nyingine. Masika yanaanza kuingia Machi, yanashika Aprili na Mei. Asubuhi ya Machi inaweza kuwa shwari kabisa, Kibo, kilele cha Kilimanjaro, iko wazi, na saa tisa mchana wingu jeusi likawa limeshajenga. Katikati ya ziwa wewe ndiye kitu kirefu kuliko vyote, na kasia lenye mpini wa alumini halikusaidii. Radi ya kwanza ukiisikia, hata kwa mbali, geuza pua uelekee ufukweni, na usirudi majini mpaka nusu saa ipite tangu mngurumo wa mwisho.

Kwa hiyo uchaguzi halisi uko kati ya nyakati mbili: wiki za mwisho za Februari mpaka siku za kwanza za Machi, au Juni baada ya mvua. Februari kuna joto, barabara za vumbi zinapitika, na asubuhi maji ni kama kioo. Tatizo lake ni maji kupungua. Nyumba ya Mungu huacha ukingo mpana wa tope unaozama mpaka gotini kabla hujafika penye kina. Juni maji yamejaa na tope limefunikwa, ila upepo wa kusi umeshashika kazi, mawingu yameuficha mlima, na usiku wa Rombo, kule Chala, unahitaji blanketi la maana. Kati ya Juni na Septemba baridi na upepo huo huweza hata kuyakoroga maji ya Chala ya juu na ya chini yakachanganyika. Upepo wa kukoroga ziwa refu namna hiyo hautashindwa na mtumbwi wako.

Mimi nachagua mwisho wa Februari, na ninaondoka majini kabla ya saa nne asubuhi. Hiyo saa nne ina uzito kuliko mwezi. Maji haya yote yako miguuni mwa Meru, Kilimanjaro au Upare, na jua likishapasha miteremko upepo unaamka. Anayeingia majini saa kumi na mbili alfajiri na kutoka saa nne, na anayeamka taratibu akaingia saa tano, hawakwenda ziwa moja hata kama wote wamekwenda Duluti.

Duluti: dogo, na ndiyo sifa yake

Duluti iko Tengeru, kama kilomita 15 kutoka Arusha mjini, hatua chache kutoka barabara kuu ya kwenda Moshi. Ni ziwa la kreta, yaani shimo la volkano, limezungukwa na msitu wa hifadhi, na eneo lake halifiki kilomita moja ya mraba. Mahali popote ulipo, ukingo uko mita mia chache tu. Mitumbwi ya kukodi inapatikana hapo hapo, na wahudumu wa gatini wanakuona muda wote labda ukijificha nyuma ya matete. Halijulikani kwa viboko wala mamba. Utakutana na kenge wanaojianika kwenye magogo, na furukombe wakipiga kelele juu ya miti.

Wanaosema Duluti si nyika wana haki. Jumapili utasikia muziki wa watu waliokuja kupiga picha za harusi. Lakini kitu ambacho hujawahi kukifanya si kulala porini, wengi wetu tumelala shambani kwa babu bila umeme. Kigeni kwako ni kukiongoza chombo peke yako upepo ukiwa ubavuni, na hilo unajifunza mahali ambapo ukikosea unachekwa na kuishia hapo.

Jambo la kwanza utakaloligundua ni kwamba mtumbwi wa viti viwili haumtaki mtu mmoja. Ukikaa kiti cha nyuma ulichozoea, pua inanyanyuka juu, upepo unaikamata na kuigeuza, nawe unazunguka kama kuku aliyefungwa kamba mguuni. Dawa yake ni kugeuka: kaa kiti cha mbele ukitazama nyuma, ili iliyokuwa nyuma iwe ndiyo mbele. Sasa uko karibu na katikati. Kule mbele weka mzigo, dumu la maji la lita 20 linatosha, ulifunge lisitembee, na chombo kitalala sawa.

La pili ni kwenda mbele bila kubadili upande. Ukipiga kasia kulia tu, mtumbwi unakimbilia kushoto. Wageni wanahamisha kasia kila baada ya mapigo matatu, na kila mara wanajimwagia maji mapajani. Badala yake malizia pigo hivi: kasia likifika usawa wa nyonga, zungusha mkono wa juu mpaka dole gumba litazame chini, halafu sukuma bapa la kasia nje kidogo, mbali na ubavu. Msukumo mdogo tu. Pua inarudi kwenye mstari. Saa mbili za Duluti zinatosha kuufundisha mkono, na huko Nyumba ya Mungu mkono huo ndio utakaokurudisha.

La tatu watu wengi hawapendi kulifanya. Waambie wahudumu, vaa jaketi okozi, ujipindue kwa makusudi mita chache kutoka gatini. Jaribu kurudi ndani. Wengi hawawezi. Ukishajua kwamba huwezi, ziwa lolote utakalolitazama baadaye utalipima kwa umbali unaoweza kuogelea ukiwa na nguo, ukikokota mtumbwi uliojaa maji. Ukitoka jikaushe vizuri kwa taulo, na baada ya miezi miwili hivi kapime kichocho. Maji baridi yaliyotulia yenye majani na konokono hayaaminiki, na dawa yake, prazikwanteli, hospitali inapatikana.

Momella: utajifunza, ila hutakuwa peke yako

Hifadhi ya Taifa ya Arusha ina maziwa ya Momella, na mtumbwi unaruhusiwa kwenye Momella Ndogo. Unakwenda na mwongozaji na askari wa hifadhi mwenye bunduki, kwa sababu ya viboko ndani ya maji na nyati ukingoni. Kwa hiyo anayetafuta safari ya mtu mmoja, Momella inatoka kwenye orodha kabla hatujafika kwenye bei.

Naiweka hata hivyo, kwa kuwa ndiyo shule ya bei nafuu ya jambo moja ambalo Duluti haiwezi kukufundisha, nalo ni kiboko. Mtazame mwongozaji wako. Haendi anakotaka, anakwenda kule ambako yeye hatakuwa kati ya viboko na kina kirefu. Kiboko akishtuka hukimbilia maji marefu, na akikukuta njiani hakuzunguki. Waongozaji wa mto Zambezi, ambako safari za mitumbwi za siku kadhaa ni biashara ya miaka mingi, hugonga ubavu wa mtumbwi kwa kasia ili kiboko aliye chini aibuke na kuonekana alipo. Muulize wa kwako anafanyaje, na kwa nini.

Kitu kingine ni maji ya kunywa. Maziwa haya yana magadi, hayanyweki. Hata vijito vingi vinavyozunguka Meru vina madini ya floridi kwa wingi. Ndiyo inayotia meno ya watu wengi wa huku rangi ya kahawia, na kuchemsha hakuiondoi. Mwenye kichujio kizuri cha vijidudu aliyekinunua mtandaoni ajue kwamba floridi inapita. Beba maji yako ya kunywa, kila mahali, katika safari zote nne.

Chala: uzuri wenye kuta

Sasa tufike kwenye lile ambalo kila mtu analitaka. Chala liko mashariki ya Kilimanjaro, mpakani na Kenya. Kutoka Moshi unapita Himo, unaelekea Rombo. Ni ziwa la kreta kama Duluti, lakini lina zaidi ya kilomita nne za mraba na kina cha mita 90 na ushee. Maji yake yanatoka chini kwa chini mlimani, na rangi hubadilika kutoka kijani mpaka buluu kadiri jua linavyopanda. Ukiwa juu ya ukingo unaona lote kwa jicho moja, na unadhani kwamba kwa kuwa unaliona lote basi ni dogo.

Teremka chini. Ukuta unaolizunguka unakaribia mita mia moja, na sehemu kubwa ya mzunguko wake ni mwamba au mteremko wa vichaka unaoingia moja kwa moja majini. Hakuna ufukwe. Mahali pa kushukia na kupandia ni pachache, na ukiwa majini usawa wa macho, kuta zote zinafanana. Kwenye Duluti ukipinduka unauliza ukingo upi ulio karibu. Kwenye Chala ukingo ulio karibu unaweza usiwe na pa kushika. Mita mia tatu za kwenda kwenye mwamba si sawa na mita mia tatu za kwenda gatini, na kwenye ramani zinaonekana sawasawa.

Upepo nao una tabia yake. Kreta inakukinga, unajisikia uko ndani ya bakuli tulivu, halafu upepo unavuka ukingo na kushuka kwa mikupuo, sasa kutoka huku, dakika tano baadaye kutoka kule. Usiupe mgongo. Piga kasia ukiambaa na ukuta upande wa njia yako ya kushukia, mita kama 30 kutoka kwenye mwamba, na uihesabu ile njia kila unapogeuka: mti gani, jiwe gani, kivuli gani.

Halafu kuna mamba. Zipo hadithi za wenyeji kwamba waliisha, zipo hadithi kwamba bado wapo, na kila msimulizi ana shemeji yake aliyeona. Lenye uhakika ni kwamba mwaka 2002 msichana wa Kiingereza wa miaka 18 aliuawa na mamba akiogelea hapo jioni, upande wa Kenya. Ziwa hilo si la kuogelea, na kama si la kuogelea basi si la kwenda kujifunzia jinsi ya kutopinduka. Mpaka unapita katikati ya ziwa bila alama yoyote majini. Simu yako inaweza kurukia mtandao wa jirani bila kukuaga, na ukishukia ukingo wa ng'ambo umeingia nchi nyingine bila kugongewa muhuri.

Pamoja na yote hayo, Chala linaishinda Duluti kwa jambo moja: usiku. Upande wetu kuna kambi juu ya ukingo, ina walinzi na maji. Unalala kwenye hema lako peke yako, unasikia nyani, giza ni giza la kweli, na bado ukipiga firimbi kuna mtu atakuja. Kwa mtu ambaye hajawahi kulala peke yake nje, tofauti kati ya hapo na ukingo wa Nyumba ya Mungu ni kubwa. Shida ni kushusha chombo. Njia ni ya mteremko mkali, na kilo 30 za kushusha asubuhi zinakuwa kilo 30 za kupandisha saa nne jua likichoma. Kama kambini wana chombo cha kukodi kilichokwisha kuwekwa chini, usijitie ushujaa.

Nyumba ya Mungu: nyika yenyewe

Bwawa hili lilijengwa miaka ya 1960 pale Kikuletwa na Ruvu zinapokutana na kuwa Pangani. Kituo chake cha umeme ni cha megawati 8, kidogo tu, ila maji yenyewe likijaa yanazidi kilomita za mraba 100. Liko kusini ya Moshi, kati ya Mwanga na Simanjiro, kwenye nchi kavu ya migunga ambapo Upare unakutazama upande mmoja na tambarare ya Wamasai upande wa pili. Kati ya maji manne, ni hapa tu unapoweza kupiga kasia asubuhi nzima na kulala mahali ambapo hakuna lango, tiketi wala mhudumu.

Kwa swali letu la mwanzo lina jibu la ajabu. Utatokea wapi? Karibu popote: ukingo ni tambarare, tope au mchanga, hakuna kuta. Nani atakuona? Wavuvi, na wengi. Kwa hayo mawili linaipita Chala kwa mbali. Linakoshindwa ni ukubwa, upepo, viboko na mamba, na kwa pamoja hayo si machache.

Kwenye mwalo mmoja upande wa Lang'ata nilimkuta mzee akitoa samaki kwenye nyavu, perege wadogo wadogo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba kijana. Unakwenda wapi na hicho kiplastiki?"

"Nataka nifike ng'ambo, nirudi jioni."

Akaendelea kutoa samaki. "Kufika utafika. Kurudi ndiyo utakaponitafuta."

Alikuwa anazungumzia upepo. Asubuhi bwawa limelala, unavuka bila jasho, unajipongeza. Mchana upepo unasafiri juu ya maji mapana bila kizuizi na kuyainua mawimbi mafupi yanayofuatana upesi, yale yanayoingia ndani ya mtumbwi kidogo kidogo mpaka ukumbuke kwamba hukuchukua kopo la kukumbia maji. Kwa hiyo hapa mtu wa mara ya kwanza havuki. Anaambaa na ukingo, na anauchagua ukingo ambao upepo wa mchana utamsukumia kwenye nchi kavu badala ya kumpeleka katikati. Mzee yeyote wa mwaloni atakuonyesha kwa kidole upepo wa msimu huo unakotoka, na kuuliza ni bure.

Usisahau nyavu. Chupa za plastiki zinazoelea kwa mstari ni maboya ya nyavu, na kila mstari una mwenyewe. Zunguka mwisho wake, usipite juu. Kasia likinasa na ukavuta kwa nguvu, unaweza kupinduka na kuchana wavu wa mtu kwa mpigo mmoja, na la pili litakugharimu zaidi. Kabla ya kuingia majini pita ofisi ya kijiji, na uwaone BMU, ndio wasimamizi wa mwalo. Bwawa hili hufungwa kwa uvuvi nyakati fulani, na mtu asiyejulikana akionekana na mtumbwi usiku wakati huo atakuwa na mengi ya kueleza.

Mahali pa kulala papime kwa miguu kabla hujatua mzigo. Njia ya kiboko haifanani na njia ya ng'ombe: miguu yake iko mbali mbali, kwa hiyo inaacha mifereji miwili iliyokanyagika, na katikati tuta jembamba la nyasi. Pembeni utaona kinyesi kimetapanywa kwenye vichaka, kwani hukirusha kwa mkia. Ukiona hivyo, hema halisimami hapo, wala mita ishirini kutoka hapo. Anatoka majini usiku kwenda malishoni na anarudi karibu na alfajiri, saa ile ile unayotaka kuingia majini wewe. Ngoja mwanga utimie. Kwa ajili ya mamba, usichote maji mahali pale pale mara mbili, na usioshe sufuria ya samaki ukiwa umechuchumaa ukingoni.

Ningependa kusema kwamba hapa unaweza kwenda peke yako kabisa mara ya kwanza. Sisemi. Kulala peke yako Nyumba ya Mungu ni safari ya pili au ya tatu, na hata hapo lala karibu na kambi ya wavuvi, ambapo moto wao unaonekana. Hawatakusumbua. Watakuuliza tu kama una akili timamu.

Chombo gani

Hapa uchaguzi si mpana. Mtumbwi wa kuchonga unapatikana mwaloni, unakodishwa, na mara nyingi mwenyewe atataka kwenda nawe. Mkubali. Ni mzito, unayumba kwa mtu asiyeuzoea, na ukijaa maji hauzami lakini huwezi kuumwaga peke yako penye kina. Kayaki ya kupuliza inaingia kwenye buti ya teksi au juu ya daladala, na kwa mkazi wa mjini asiye na gari ndiyo inayowezekana. Lakini inakaa juu ya maji kuliko ndani yake, kwa hiyo upepo unaibeba, na miiba ya migunga ya Nyumba ya Mungu haina huruma nayo. Kwa Duluti na Chala inafaa. Kwa bwawa, sichukui. Kayaki ngumu ya plastiki ya kukaa juu yake ndiyo ninayoipenda kwa mtu mmoja kwenye maji yetu ya joto: ina matundu yanayotoa maji yenyewe, na ukidondoka unaweza kupanda tena. Gharama yake ni usafiri, maana itabidi ukodi pikapu.

Jaketi okozi livaliwe likiwa limefungwa. Wengi huliweka chini ya makalio kama mto. Firimbi ifungwe kwenye jaketi lenyewe, simu iwe mwilini ndani ya mfuko usioingiza maji, na kasia la akiba lifungwe ndani ya chombo. Chakula si jambo la kujadili: ndizi, mayai ya kuchemsha, chapati, chai kwenye chupa. Usibebe mchele na jiko la mkaa kana kwamba unahama.

Nichague vipi

Kama una siku moja na hujawahi kuwa peke yako majini, nenda Duluti, siku ya kazi, alfajiri, mara mbili kabla ya kufikiria kwingine. Kama unachokitaka hasa ni wanyama, lipia Momella na ukubali kuwa na watu wawili pembeni. Kama unataka usiku wa kwanza peke yako, panda Chala mwisho wa Februari, lala ukingoni, piga kasia alfajiri ukiambaa na ukuta, halafu utoke kabla ya saa nne. Nyumba ya Mungu ibaki ya yule ambaye mkono wake umeshajua kuirudisha pua kwenye mstari bila kufikiri, na aende kwanza asubuhi moja, bila hema. Kama Februari imekupita na mvua zimeshaanza, Duluti peke yake ndiyo inayobaki kwenye orodha mpaka Juni.

Popote utakapokwenda, mwachie mtu mmoja karatasi, si ujumbe wa sauti. Iandike mahali unapoingilia majini, upande wa ukingo utakaofuata, rangi ya chombo na ya jaketi, jina la mwalo au kambi na namba ya mtu wa hapo, na saa. Saa ziwe mbili: ya kutoka majini, na ya yeye kuanza kupiga simu. Acha nafasi ya saa mbili kati ya hizo, la sivyo dada yako atawapigia Zimamoto na Uokoaji kwenye 114 wakati wewe unakunywa soda Himo. Akikukosa kwenye simu aanze na mtu wa mwaloni au kambini, kisha namba ya dharura, 112. Kwa Chala mwambie pia kwamba simu inaweza kuwa hewani upande wa Kenya, na namba yako isipopatikana asubiri mpaka ile saa ya pili.